Mtani kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Mgonjwa yuko kwenye kiti cha daktari wa meno. Daktari ndiyo kwanza katoka chuoni, na huyu ni mgonjwa wake wa kwanza. Anaandaa sindano ya ganzi na kwa bahati mbaya anajichoma mkononi. Mkono unakufa. Unaning'inia kama tambara lililosahauliwa kwenye kamba. Sindano inamponyoka tena, safari hii inaingia mguuni, na mguu nao unakufa. Daktari anajikokota kukizunguka kiti huku akijitahidi kuonekana mtaalamu. Hapo ndipo kichekesho kilichoandikwa kinapozidiwa na kingine ambacho hakikuandikwa. Mgonjwa, ambaye kwa mujibu wa hadithi jino linamtesa vibaya, anacheka. Hataki kucheka. Anafunika uso kwa kiganja, anageuza kichwa, anabana midomo, lakini mabega yanamsaliti.

Daktari ni Tim Conway na mgonjwa ni Harvey Korman. Kipindi ni The Carol Burnett Show, kilichorushwa na televisheni ya CBS ya Marekani kuanzia 1967 hadi 1978. Kichekesho chenyewe ni cha mwaka 1969. Wengi tunaokitafuta leo YouTube hatukuwa tumezaliwa kilipotengenezwa, na hatumtafuti sana huyo daktari. Tunatafuta uso wa mgonjwa, yaani tunaitafuta sehemu ambayo kwa kanuni za kazi ni kosa.

Kwa sisi tunaosoma sanaa za maonyesho, swali hili si la kupitishia muda. Darasani tunafundishwa kwamba hadhira na mwigizaji wana mkataba. Hadhira inakubali kuamini kwamba huyu ni mfalme, na yule mfalme anakubali kutoonyesha kwamba yeye ni mtu wa kawaida mwenye nauli ya daladala mfukoni. Mwigizaji anayecheka mahali ambapo mhusika wake hacheki ameuvunja mkataba. Waigizaji wa Uingereza wana neno lao kwa hilo, na ni neno kali. Husema amekuwa maiti. Inasimuliwa kwamba neno lilitokana na balaa kubwa kuliko yote jukwaani, la kucheka wakati umepewa nafasi ya marehemu.

Hoja ya upande huo isidharauliwe. Mwaka 1979 Peter Sellers aliigiza katika filamu ya Being There, akiwa mtunza bustani ambaye uso wake hauna dalili ya mzaha hata kidogo. Mwishoni, majina ya watengenezaji yakipita, filamu ikaonyesha vipande ambamo Sellers anashindwa kumaliza maneno yake kwa kicheko. Watazamaji walifurahi. Sellers alikasirika na kumlalamikia mwongozaji, Hal Ashby, kwamba vipande vile vimekata uchawi. Alikuwa na haki. Kwa saa mbili alikuwa amemjenga mtu yule tofali kwa tofali, na dakika chache za mwisho zikambomoa mbele ya macho yetu. Kama kucheka nje ya uhusika ni kuzuri siku zote, basi malalamiko ya Sellers hayana maana. Kama ni kubaya siku zote, basi Korman alitakiwa kufukuzwa kazi, si kupewa tuzo nne za Emmy kwa kipindi kilekile.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba tunapenda kuona mastaa nao ni binadamu. Jibu hili halitoshi. Tarehe 5 Mei 2019, HBO ilirusha sehemu ya nne ya msimu wa mwisho wa Game of Thrones. Katikati ya karamu ya watu wenye mapanga na ngozi za wanyama, kikombe cha kahawa cha kisasa kilionekana mezani mbele ya Daenerys. Lilikuwa kosa la kibinadamu kabisa. Dunia ilicheka siku mbili, HBO nayo ikajitania kidogo, kisha kikombe kikafutwa kwa kompyuta na mambo yakaisha. Sijakutana na mtu anayeirudia sehemu ile kila mwaka ili apate furaha moyoni. Tulicheka kama tunavyomcheka mpita njia aliyeteleza kwenye tope, tukaendelea na safari zetu. Ubinadamu ulikuwepo katika kikombe kile. Kilichokosekana ni uhusiano.

Neno ninalolihitaji hapa halimo katika vitabu vya nadharia ya maigizo tulivyopewa, lakini kila aliyekulia Tanzania analijua: utani. Simaanishi mzaha tu. Namaanisha ule utani wenye sheria, wa Wanyamwezi na Wazaramo, wa Wahehe na Wangoni, wa babu na mjukuu, wa shemeji na shemeji. Msibani, watu wakiwa wamekaa mkekani na vilio havijakauka, mtani anaingia. Anaigiza mwendo wa marehemu. Anadai deni lake. Anazuia shughuli mpaka apewe chochote. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Anajaribu kubaki ndani ya huzuni yake, anainamisha kichwa, anajifunika khanga, na chini ya khanga ile mabega yanaanza kutikisika. Hakuna anayesema kwamba msiba umevunjika. Kicheko kile hakifuti kifo, na mtani hakutumwa kukifuta. Ametumwa kumkumbusha mfiwa kwamba hayuko peke yake.

Sasa mtazame tena Conway. Kipindi kile kilirekodiwa mara mbili kwa siku moja, kila mara mbele ya watazamaji, kisha vipande bora vikachaguliwa. Mara ya kwanza Conway kwa kawaida alifuata yaliyoandikwa. Mwongozaji akishapata alichohitaji, mara ya pili Conway alijiachia, akaingiza mambo ambayo mazoezini hakuyaonyesha. Huo ulikuwa uharibifu wenye adabu zake. Kazi ya wenzake ilikuwa imeshahifadhiwa salama kabla ya mtani kuruhusiwa kuingia. Na aliyetaniwa hakuwa mtu baki. Korman alikuwa mwigizaji hodari aliyejulikana kwa umakini wake, na hicho ndicho kilichomfanya afae kutaniwa. Mtu anayecheka ovyo hataniki.

Tukiangalia kwa karibu tunaona jambo la pili, nalo ni la ufundi. Anayeumwa jino hufanya nini? Hushika shavu, hugeuza kichwa, hufumba macho, huguna. Anayezuia kicheko naye hufanya nini? Vilevile. Korman hanyanyuki kitini, haitazami kamera kutuomba radhi, wala hamwambii mwenzake basi. Anakificha kicheko ndani ya maumivu ya mgonjwa, kama mfiwa anavyokificha ndani ya khanga. Anashindwa, lakini anashindwa akiwa kazini. Tunachokishangilia ni mapambano yake, na mapambano hayo yasingekuwepo kama asingeuheshimu mkataba. Conway alisimulia baadaye kwamba siku ile Korman alijikojolea. Iwe kweli au chumvi ya msimuliaji, inaonyesha mwenzake alivyopigana hadi mwili ukagoma.

Utani una sheria nyingine: mtani naye hutaniwa. Mwaka 1977, katika mfululizo wa vichekesho vya familia ndani ya kipindi hichohicho, Conway alianza kusimulia habari za tembo pacha waliozaliwa wameungana mikonga. Masimulizi hayo hayakuwa na kazi yoyote katika igizo. Carol Burnett aliyecheza binti alizidiwa, na Dick Van Dyke naye akazidiwa. Kila walipojikusanya, Conway aliongeza jambo jingine kuhusu tembo wake, kwa sauti ya upole ya mtu asiyejua amefanya nini. Aliyebaki ni Vicki Lawrence, aliyecheza mama. Lawrence alikuwa mdogo kuliko "binti" yake kwa karibu miaka 16, na alikuwa ameingia kwenye kipindi akiwa msichana aliyetoka tu sekondari. Alingoja, akakaa kimama, uso mkavu. Kisha, bila kutoka ndani ya uhusika, akauliza kwa ukali kama huyo bwana amemaliza, akimtaja kwa tusi ambalo televisheni ya wakati ule isingeweza kulirusha. Wote wakaanguka, Conway akiwemo. Deni lilikuwa limelipwa, na aliyelilipa alikuwa mdogo kuliko wote pale. Mahali ambapo mdogo anaweza kumjibu mkubwa mbele za watu, na mkubwa akacheka, pana usalama. Hiyo ndiyo furaha inayotufikia sisi tulio mbali kwa bahari na miongo.

Kipimo hiki kinatusaidia pia kutambua kicheko cha bandia. Saturday Night Live, kinachorushwa moja kwa moja na NBC tangu Oktoba 1975, kina mifano ya pande zote mbili. Tarehe 1 Mei 2004, Rachel Dratch alicheza Debbie Downer, mwanamke anayezima kila furaha kwa kutaja maradhi na majanga. Wenzake walianza kuporomoka mmoja baada ya mwingine, kisha Dratch mwenyewe akashindwa. Alikuwa amebeba kichekesho chote, na alirudi kila mara kwenye sentensi inayofuata akiwa na machozi. Mezani palepale alikuwepo Jimmy Fallon, ambaye kufikia wakati huo kucheka ndani ya maigizo kulikuwa karibu sehemu ya kazi yake. Alicheka katika kile kichekesho maarufu cha kengele ya ng'ombe cha Aprili 2000, na akacheka katika vingine vingi. Sisemi alijifanya, sina namna ya kuingia moyoni mwake. Nasema kwamba kicheko kinachokuja kila wiki kinapoteza uzito, kama kilio cha mtu anayelia katika kila msiba wa mtaani kwa sauti ileile. Hatuoni tena anachopigana nacho.

Biashara nayo iliona mapema kwamba makosa yanauzika. Mwaka 1977 televisheni ya ITV ya Uingereza ilianzisha It'll Be Alright on the Night, kipindi kilichojengwa kwa makosa ya vipindi vingine, na Denis Norden akakiongoza hadi 2006. Marekani ilikuwa na vyake. Sivichukii. Lakini kipande cha sekunde 20 kikikatwa kutoka kwenye igizo lake, hatujui mtu alikuwa amejenga nini kabla hakijabomoka, wala aliyemchekesha ni nani wake. Kinachobaki ni mtu aliyeteleza. Ukitazama vipande kama hivyo saa nzima unajizoeza, polepole, kucheka bila kuuliza aliyechekwa ana nafasi gani ya kujibu.

Hapo ndipo suala linapotoka Hollywood na kufika kwenye simu zetu. Kila siku tunatumiwa video fupi ambamo mtu anatishwa, anadanganywa au anaharibiwa shughuli yake ili uso wake urekodiwe. Mara nyingi ni mama anayeuza vitumbua, ni dereva wa bodaboda, ni dada wa kazi anayeambiwa kwamba amefukuzwa. Anababaika, analia, kisha kijana mwenye simu anatokea akicheka: ilikuwa utani tu. Kwa lugha, amesema uongo. Mtani haokotwi barabarani. Dada yule hawezi kesho kumwendea mwajiri wake na kumwambia amemfukuzia mtoto shule ili amrekodi. Hakuna deni linaloweza kurudishwa. Wenye video hizo hujitetea kwamba wanaonyesha hisia halisi, zisizoigizwa, na kwamba uhalisi ndio watu wanaoutaka. Ni kweli hisia ni halisi. Hata machozi ya anayeibiwa ni halisi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mvuto wa Conway na Korman ni uhalisi uliochungulia kwenye ufa wa maigizo. Uhalisi peke yake ni bidhaa rahisi, unapatikana kwa kumtisha mtu yeyote. Kinachovutia pale ni watu wawili waliokubaliana. Mmoja ana ruhusa ya kuharibu, mwingine ana wajibu wa kustahimili, na wote wawili wanajua kwamba watakuwa pamoja tena. Sellers alikasirika kwa sababu hakuna aliyekubaliana naye. Kicheko chake kilichukuliwa kikabandikwa mahali ambapo yeye asingekiweka.

Mtu anaweza kuniambia kwamba naipamba kazi ya watu nisiowajua, na kwamba hata Korman huenda alichoka siku nyingine. Inawezekana. Wapo pia watani wanaovuka mpaka, na wazee wana maneno ya kuwaonya. Lakini tunao ushahidi wa nje ya seti. Korman aliondoka kwenye kipindi mwaka 1977 na hakulazimika kumwona Conway tena. Badala yake, wakiwa watu wazima wenye mvi, walizunguka Marekani wakiigiza pamoja jukwaani. Korman alifariki 2008, Conway akamfuata 2019.

Ukipata nafasi ya kukitazama kichekesho kile, usimwangalie daktari. Tazama kiganja cha mgonjwa kinavyopanda usoni, kinavyoshuka akidhani ameshinda, na kinavyopanda tena.