Sukuma Kwanza, Ndipo Uvute

Taa kubwa ya gari ikianza kufifia, balbu ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi haina hatia. Tazama soketi iliyo nyuma yake: plastiki imebadilika rangi, na pini moja ndani imelegea. Balbu ya H4 ya wati 55, kwenye volti 12, hutumia takriban ampea 4.6. Kutu au ulegevu ukiongeza ukinzani wa nusu omu tu, zaidi ya wati 7 za joto hubaki palepale kwenye pini. Ndiyo maana plastiki inaungua.

Fundi mwenye pupa hukata waya, akazisokota, akazungushia tepu nyeusi, akadai hela yake. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, kiungo hicho hakichelewi kuota ukijani.

Ninayemsifu hapa ni yule anayeitoa pini nzima. Huyu hufungua kwanza waya hasi wa betri, kisha hupiga picha soketi ili asije akachanganya rangi za waya. Baada ya hapo hutulia, akachungulia. Je, kikucha kinachoshika kiko kwenye pini yenyewe, au ni ulimi wa plastiki ndani ya soketi? Cha chuma hubonyezwa, ulimi huinuliwa. Soketi nyingi za magari ya siku hizi zina pia kufuli ya pili, kijiplastiki chenye rangi yake, na kisipotangulia kufunguliwa, nguvu zote zitaishia kuvunja.

Halafu linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote: anausukuma waya ndani. Kikucha kilichovutwa hujibana kwenye ukingo wake, kama komeo la mlango unaosukumwa na upepo. Ukirudisha mzigo nyuma kidogo, hulegea. Hapo spoku ya baiskeli, iliyosuguliwa ikawa bapa na nyembamba, huingia pembeni ya pini na kubonyeza. Vifaa maalumu vipo madukani, tena vizuri, lakini spoku haimwangushi anayejua pa kuigusa. Waya hutoka bila kushindana.

Kazi haijaisha. Pini mpya hubanwa kwenye waya kwa koleo lake. Ikiwa ni ileile ya zamani, kikucha huinuliwa tena kwa ncha ya sindano, la sivyo haitashika. Inarudishwa, inalia "tik", inavutwa kidogo kuhakikisha.

Basi msomaji, fundi wa namna hii akikutajia bei, usimwambie kwamba amechomoa waya tatu tu. Mlipe.