Fundi Ajuaye pa Kuishia

Mvua za Novemba zikishika, njia za Kasulu na Kibondo huwa utelezi mtupu, na anayeanguka hutanguliza kiganja. Uzito wote huishia kwenye kifundo cha mkono, na mfupa wa upande wa dole gumba huvunjika. Mkono huo ndio unaolima, unaomenya mihogo na kusonga ugali. Ukilala, nyumba nzima inajua.

Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei. Kwa vizazi vingi tiba ilikuwa kuvuta, kunyoosha na kufunga hogo. Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi waliunda chama cha AO wakisisitiza kwamba mfupa ukikazwa barabara, kiungo kinaweza kuanza kazi mapema. Hapa Tanzania ufundi huo una makao yake MOI, Muhimbili, taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na hospitali ya KCMC ya Moshi.

Daktari hupasua upande wa kiganja, husogeza kano, hunyanyua msuli bapa uliofunika mfupa, kisha hurudisha vipande mahali pake. Juu yake hulaza pleti ya chuma yenye umbo la T. Skrubu ya kwanza hupita kwenye tundu refu, ili pleti iweze bado kusogezwa kidogo kabla ya kukazwa. Skrubu za mbele zina hesi hadi kichwani, hivyo hujifunga kwenye pleti yenyewe. Hata mfupa wa bibi uliolegea hushikika.

Lakini sifa ya fundi haimo katika kukaza. Skrubu ikizidi milimita chache tu, ncha yake hutokea nyuma ya mkono na kusaga kano ya dole gumba, hata ikaja kukatika baada ya miezi, kidonda kimeshasahaulika. Kwa hiyo mjuzi huchagua skrubu fupi kidogo, huukunja mkono mbele ya eksirei, na hutazama tena kabla ya kushona.

Kisha humwachia mgonjwa kazi. Vidole huanza kukunjwa na kukunjuliwa mara ganzi inapoisha. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, mfupa huunga kwa takriban wiki 6, na nguvu ya kushika jembe hurudi kwa miezi. Mkono unaofichwa ndani ya khanga kwa hofu hukakamaa, hata kama pleti imekaa sawasawa.

Kwa wazee wengi, baada ya mwaka mmoja, aliyewekewa chuma na aliyefungwa hogo hukaribiana katika kuutumia mkono. Daktari anayelijua hilo, akamwambia bibi wa Kibondo kwamba hana haja ya kisu, ameonyesha ufundi uleule wa skrubu fupi. Tukimsifu kwa pleti alizoweka, tumsifu pia kwa zile alizoacha kabatini.