Pongezi kwa Madaktari wa Kichina

Kariakoo ukitaja Wachina, mazungumzo huishia kwenye mizigo na bei. Mimi leo nawapongeza wale wa jirani, Upanga: madaktari kutoka jimbo la Shandong, wanaokuja Tanzania Bara kwa zamu tangu 1968. Zanzibar walitangulia wenzao wa Jiangsu, mwaka 1964.

Muhimbili nilimwona mmoja akimhudumia bibi mwenye maumivu ya goti. "Shikamoo, mama." Akabonyeza kwa kidole gumba, akauliza, "Hapa?" Akangoja jibu, ndipo akachoma sindano nyembamba kama unywele. Bibi wala hakushtuka. Subira ile, jamani, hata baadhi ya wauguzi wetu tunawatamania.

Maisha yao hayana makeke. Ni wodini na chumbani, na simu kwa mtoto, ambayo hupigwa mchana kwa sababu saa moja yetu ya usiku, China ni usiku wa manane. Miaka miwili hivyo hivyo, kisha inaingia zamu nyingine.

Naiomba Wizara ya Afya iwapangie madaktari wetu vijana wakae nao karibu, wachote ujuzi huo kabla wenyewe hawajapanda ndege.