Livingstonaiti: jina linaloficha zebaki

Ukisikia "livingstonaiti" utadhani imeokotwa Ujiji, si ndiyo? Wala. Madini haya adimu yalielezwa kisayansi mwaka 1874 kutoka Huitzuco, Meksiko. Mariano Bárcena aliyapa jina la David Livingstone, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Heshima sawa, lakini jina hili mimi nalilaumu: halikuambii kwamba ndani mna zebaki.

Fomula yake ni HgSb4S8, yaani zebaki, antimoni na salfa. Rangi ni kijivu kama risasi, na ni laini hadi ukucha unaikwaruza. Inafanana mno na stibnaiti, lile jiwe la wanja wa manga, kwa hiyo usiyaamini macho peke yake. Isugue kwenye kigae kisichong'arishwa: stibnaiti huacha mchirizi wa kijivu, livingstonaiti huacha mwekundu. Ila usiichome kujaribu. Moto hutoa mvuke wa zebaki, na huo ni sumu.

Ningepewa kuandika lebo yake ya makumbusho, ningeanza na zebaki na ule mchirizi mwekundu. Habari za Livingstone zingesubiri mstari wa mwisho.