Tshibumba Kanda Matulu: urithi wa mchoraji msimulizi

Mnamo miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora picha 101 za historia ya Zaire, akamsimulia Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili cha Shaba. Wenyeji waliiita picha ya aina hiyo ukumbusho, kwani kazi yake ni kumfanya mtazamaji aseme. Katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, misalaba mitatu yasimama nyuma ya maiti: hapo mchoraji hatoi habari tu, anatoa hukumu.

Ndiyo maana athari yake haipimwi kwa rangi. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, hutumia kamera. Hata hivyo, katika mfululizo wake Mémoire (2006), anawarudisha wafanyakazi wa enzi ya ukoloni mbele ya magofu ya viwanda vya madini. Chombo ni kingine. Wajibu wa kukumbusha ni uleule.

Picha za Tshibumba zimehifadhiwa Amsterdam, nasi twazisoma zaidi kupitia maelezo ya Kiingereza. Mwanafunzi anayeyaacha masimulizi ya Kiswahili ameiona picha, lakini ukumbusho hajausikia.