Kulipima Jina la Ubao

Desturi ya kuwaandalia wageni ubao wa nyama baridi, yaani nyama zilizokolezwa chumvi na kukaushwa kwa hewa au kwa moshi, zikakatwa vipande vyembamba na kupangwa pamoja na jibini, zeituni, achari, lozi na matunda makavu, ilikulia Ulaya, na hasa Ufaransa, ambako mafundi wa nyama ya nguruwe iliyopikwa walikwisha kuwa na chama chao na haki zao tangu karne ya 15. Na sasa ubao huo umeingia katika nyumba za Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa, ukifuatana na tabia nyingine iliyoshamiri zaidi Marekani na Uingereza, ya kuupa kila ubao jina lake la pekee, likaandikwa kwenye kikadi au likatamkwa na mwenyeji mbele ya hadhara. Wako wanaoiona tabia hii kuwa ni upuzi mtupu. Mimi siioni hivyo, kwani watu ambao hulisoma jina la kanga kabla ya kuitazama rangi yake hawana haki ya kumcheka mtu aliyekipa jina chakula chake. Haki waliyo nayo ni ya kulipima jina hilo kwa mizani ile ile kali wanayopimia la kanga.

Kipimo cha kwanza ni cha sikio. Jina la ubao halisomwi kwa utulivu kama lisomwavyo jina la kitabu, bali husikika mara moja katikati ya salamu, vicheko na kugongana kwa gilasi, na kwa hiyo lisilotamkika kwa pumzi moja huwa limekufa kabla ubao haujatua mezani. Njia ya kulijaribu ni nyepesi: mwambie jina hilo kijana atakayeubeba ubao, umwambie mara moja tu bila ya kumwandikia, kisha umsikilize akilitangaza sebuleni; akilisahau nusu, au akaona haya na kucheka kabla ya kulimaliza, basi jina lina kasoro, na kasoro hiyo si ya kijana. Ubao wa tende, halua, lozi, jibini ya chumvi na vipande vya papa mkavu aliyechomwa, ukiitwa "Barua ya Maskati", hutamkika na mtoto wa miaka saba na hushikika na mzee wa miaka sabini. Ubao huo huo ukiitwa "Mkusanyiko wa Vionjo Teule vya Mwambao", wageni watadhani wameitwa kwenye mkutano wa halmashauri.

Kipimo cha pili ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni ukweli. Ubao wa nyama baridi una tabia moja ambayo pilau au samaki wa kupaka hawana, kwamba jicho peke yake haliwezi kuutolea ushahidi: bresaola, ambayo asili yake ni mnofu wa ng'ombe wa bonde la Valtellina kaskazini mwa Italia, na paja la nguruwe la Parma, zikikatwa nyembamba na kukunjwa kwa ustadi, zote ni nyekundu, zote zinang'aa, na katika mwanga wa taa za jioni mgeni hana njia ya kuzipambanua ila kwa kuuliza, na kuuliza mbele ya watu ni jambo ambalo adabu humzuia. Hapo ndipo jina, au maneno machache yafuatayo jina, yanapokuwa amana mikononi mwa mwenyeji. Waingereza wana kitafunio chao cha zamani wakiitacho "mashetani juu ya farasi", ambacho ni plamu kavu, na mara nyingine tende, iliyozongwa ukanda wa nyama ya nguruwe ya chumvi na kuokwa. Kwao jina hilo ni mzaha mwema, kwa kuwa kila mtu mezani amekijua kitu hicho tangu utotoni, lakini kiweke juu ya ubao katika nyumba ya Mombasa, na mgeni ataiona tende, atasema bismillahi, na ataipeleka kinywani kwa imani kamili. Mwenyeji wa namna hiyo hawezi kujitetea kwa kusema kwamba jina lilikuwa zuri.

Katika jambo hili naona watu wa Dar es Salaam wametangulia kwa werevu. Nyama ya nguruwe wameipa jina la kitimoto, neno ambalo halimtaji mnyama hata kidogo, na bado hakuna mtu mzima mjini ambaye hudanganyika kwalo. Mlaji amesitiriwa na asiyekula amekwisha kuonywa. Jina la ubao linaloweza kufanya kazi hizo mbili kwa pamoja ni nadra sana, na akilipata mtu basi na alitunze.

Kuna na ukweli wa mahali, ambao wengi huuchukua kwa wepesi. Paja la Parma, kwa kanuni za Ulaya, ni lile lililotengenezwa katika eneo la vilima vya Parma, kwa mguu wa nguruwe na chumvi bila ya dawa nyingine yoyote, likatundikwa penye hewa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, ndipo likapigwa ngozini chapa ya moto ya taji lenye ncha tano. Na jibini ya Manchego ni ya maziwa ya kondoo wa La Mancha, si ya ng'ombe wala si ya mbuzi. Mwenyeji aliyenunua nyama ya kwao, ikawa nzuri kweli, kisha akauita ubao wake "Jioni ya Parma", amejivika taji la watu bila ya haja. Lau angaliuita "Mwaka Darini", ikiwa nyama yenyewe kweli imening'inia muda huo, angalikuwa ametaja kazi ya fundi, muda wake na mahali ilipokaa, na asingalikuwa amemwibia mtu.

Hata hivyo ukweli ninaoutaka si ule wa karani wa forodha. Katika vilabu vya Uingereza huuzwa sinia ya mkate, kipande kikubwa cha jibini na vitunguu vya achari, nayo huitwa "chakula cha mchana cha mkulima". Alisikiaye jina hilo huona mbele yake babu wa mababu akipumzika chini ya mti na majembe yake, ilhali jina lenyewe lilienezwa na vyama vya wauza jibini katika miaka ya 1950 na 1960, baada ya mgawo wa jibini wa wakati wa vita kuondolewa mwaka 1954, ili watu warudie kuinunua. Basi je, tulihukumu kwa uwongo? Mimi nalisamehe. Limedanganya kuhusu umri wake, na uwongo wa umri hata mabibi zetu husamehewa. Lakini kilichoko juu ya sinia ni kile kile ambacho jina limekiahidi, chakula kizito na cha wazi, kisicho na madoido. Uwongo ambao hausameheki ni ule wa mnyama.

Kipimo cha tatu kinatuhusu sisi watu wa pwani zaidi ya wengine wote, kwa sababu masikio yetu yamelelewa katika mafumbo. Mzungu akiuita ubao wake kwa neno la mapenzi au la wivu, wageni wake hucheka wakaendelea kula. Lakini jaalia bibi mwenye nyumba amewaalika mawifi zake, na ubao wake, wenye jibini tatu na tini zilizopasuliwa, kauita "Husuda Haina Dawa", kwa kuwa aliliona jina hilo tamu. Hapo mkono wa kwanza utakaokwenda kwenye tini utarudi mtupu, macho yataanza kutafutana, mmoja atauliza kwa sauti ya upole kabisa ni nani aliyekusudiwa, na jibini itabaki mezani mpaka ilegee kwa joto. Bibi huyo ataapa kwamba hakumkusudia mtu, wala hatasadikiwa, kwani katika miji yetu jina lisilo na mlengwa halijapata kuonekana. Kwa hiyo, kabla ya kulipitisha jina, kaa faraghani uwataje wageni wako mmoja mmoja, na kwa kila mmoja ujiulize: huyu akilisikia, atafikiri nini? Aliyeachwa juzi, aliyefilisika, aliyekosana na kaka yake. Wote wana masikio.

Sifichi kwamba majina niyapendayo zaidi ni yale yanayotaja majira. Nipatie ubao wa ng'onda waliochomwa mpaka kingo zikakauka, embe mbichi zilizokatwa nyembamba na kunyunyizwa pilipili, achari ya ndimu na korosho, kisha uuite "Kusi Limeingia". Samaki hakutajwa, chumvi haikutajwa, walakini kila aliyekulia karibu na bahari hujua kwamba kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo haviendi mbali, na hapo ndipo kilichokaushwa siku za shwari hushuka kutoka ghalani. Jina limemwachia mgeni nusu ya kazi, naye huimaliza kwa furaha anapoonja. Lakini ubao huo huo ukipakuliwa Desemba, kaskazi ikiwa imetanda na samaki wabichi tele sokoni, jina litakuwa limepotewa na njia. Vivyo hivyo kwa nyirinyiri, zile chembe za nyama ya ngamia zilizokaangwa na kuhifadhiwa katika samli, wajuazo kuzitengeneza Wasomali na Waborana: ubao wake nimewahi kuuona ukiitwa "Kiangazi cha Isiolo", na sijui jina gani lingaliweza kueleza kwa maneno machache zaidi kwa nini mtu alianza kuihifadhi nyama.

Majina ya mzaha yana mahali pake, ila yasiletwe kutoka ng'ambo. Wasemao Kiingereza hucheza sana na sauti za maneno yao ya ubao na jibini, na michezo hiyo ikihamishiwa kwetu haimchekeshi mtu. Vijana wa Dar es Salaam, ambao wakiwa na njaa kali husema wana ubao, wangaliweza kuuita wao "Dawa ya Ubao", na mbele ya rika lao lingekuwa jina barabara. Mbele ya mkwe lisithubutu kutoka.

Ama kuuita ubao kwa jina la mtu, mfano wake mkubwa ni ule wa Auguste Escoffier, mpishi wa hoteli ya Savoy mjini London katika miaka ya 1890, ambaye kwa heshima ya mwimbaji Nellie Melba, aliyekuwa akiimba katika opera ya Lohengrin ambamo bata maji huvuta mashua, aliandaa mapichi juu ya aiskrimu ndani ya bata aliyechongwa kwa barafu, na mwanzoni chakula hicho kiliitwa kwa jina la bata huyo. Miaka michache baadaye, akiwa hoteli ya Carlton, alikiongezea rojo la matunda mekundu, akamwondoa bata, akakiita kwa jina la Melba, nalo ndilo lililodumu. Umbo lililoyeyuka lilikwenda na jina lake. Lakini Escoffier alimjua bibi yule na bibi alikipenda chakula. Kuupa ubao jina la mgeni bila ya idhini yake ni ujasiri, na kuupa jina la shehe wa mtaa ubao ambao una hata kipande kimoja cha nguruwe ni kuutafuta ugomvi kwa taa.

Ikiwa siku imefika na jina halijaja, usilishurutishe. Nyumba nyingi nzuri za Italia huorodhesha tu kilichopo na kilikotoka, nawe unaweza kusimama mbele ya wageni useme: hii ni nyama ya ng'ombe, hii ni jibini ya kondoo, hizi ni tini na ile ni asali ya Tabora, nguruwe hayumo. Mgeni akiuliza ubao unaitwaje, mwambie bado haujapata jina, umsogezee kisu, na umsikilize atausemaje baada ya kipande cha tatu.