Basi Lile Lile

Waingereza wana msemo wao wa maskani: hadithi au mzaha uliorudiwa mpaka ukachosha huitwa "chesnati kuukuu". Chesnati ni tunda la mti wa huko kwao. Wengi huhusisha msemo huo na mchezo wa kuigiza wa William Dimond, The Broken Sword, wa mwaka 1816. Humo yumo kapteni anayerudiarudia kisa kimoja. Siku anapokosea jina la mti, msikilizaji anamkatiza: ulikuwa chesnati, bwana, kisa hiki umeshanisimulia mara 27!

Sisi nasi tuna chesnati yetu. Binti anatoka kijijini, anapanda basi, anashuka Dar, anaharibikiwa, anarudi na maradhi na majuto. Miswada mingi ya washikaji ninayoletewa hapa Mwankoko imepanda basi hilo hilo. Ukurasa wa tatu tu, unajua nani atakufa. Noma!

Lakini tusikimbilie kulaumu uzee wa kisa. Ndyanao Balisidya alimpeleka kijana mjini akamrudisha kijijini katika Shida (1975). Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) alieleza habari za msichana aliyepotoka, na hata wakati ule wasichana waliopotoka hawakuwa jambo geni. Mbona bado kinasomeka? Kwa sababu Kezilahabi hakuishia kumnyooshea Rosa kidole. Alimgeukia Zakaria, baba mlevi anayemtwanga mwanawe kwa ajili ya barua ya mvulana. Lawama ikahama. Kisa cha zamani, swali jipya.

Kwa maoni yangu, kinachochakaa si kisa, ni jicho la mwandishi.

Wapo wanaoniambia eti Mwankoko hakuna cha kuandika, ni alizeti tu. Jamani! Visima vya Mwankoko vinapeleka maji Singida mjini. Yaani safari hii mji ndio uliokuja kijijini na kiu yake, ninyi bado mko kituoni mnasubiri basi la Dar. Bomba limepita shamba la nani? Anayeishi jirani na kisima anachota wapi? Mzee anasemaje akiona maji ya ardhi yake yana bili? Sijasoma mswada hata mmoja unaouliza hayo.

Ukipenda, mwandike huyo huyo binti wa basi, sikukatazi. Ila niambie nani alimlipia nauli, na alitaka nini.